Neno na Jamaa Zake: Hotuba kwa Wanafunzi wa Kidato cha Tano kuhusu Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazazi mliosafiri kuja kuwaona vijana wenu, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tano ambao kwa ajili yenu nimeitwa hapa, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga msamiati wa juu wa Kiingereza. Mimi ni mfasiri wa nyaraka. Maneno ya Kiingereza ndiyo yanayonilipia kodi ya nyumba, na huenda mlitarajia nianze kwa kujisifu. Nitaanza na siku niliyoaibika.

Nilikuwa kidato cha nne, shule yetu ikapata mgeni rasmi kutoka Uingereza, nami nikateuliwa kuandika na kusoma risala. Kwa Kiswahili ilinitoka bila taabu, kwa maana risala zetu zina njia yake iliyokwisha kukanyagwa na wengi: tunamshukuru mgeni kwa kuacha shughuli zake nyingi, kwa kujishusha na kuja kuketi nasi. Taabu ilianza kwenye kutafsiri. Katika kamusi ndogo niliyoazima, mbele ya "kujishusha" palikuwa na neno "condescend", na kwa kuwa lilikuwa refu na sikuwahi kumsikia mwenzangu yeyote akilitumia, nikaona ndilo linalomstahili mtu mkubwa. Nikasimama mbele ya halaiki nikamshukuru mgeni wetu "for your great condescension". Yeye alitabasamu kwa midomo tu. Mwalimu wangu wa Kiingereza aliinama chini ya meza kama mtu aliyedondosha kalamu, akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuokota kalamu.

Jioni aliniita akanieleza kwa upole kwamba neno lile leo ni tusi. Hutumika kwa mtu anayejiona yuko juu, anayekuzungumzisha taratibu na kwa tabasamu kana kwamba wewe ni mtoto mdogo. Kilichonishangaza zaidi, nilichokuja kukijua miaka mingi baadaye, ni kwamba kamusi yangu haikunidanganya. Katika karne ya 18 Waingereza walilitumia neno hilo kama sifa, wakimshukuru bwana mkubwa aliyekubali kuzungumza na watu wa chini yake bila majivuno, kama vile risala yangu ilivyokusudia. Baadaye watu walianza kuchukizwa na fikra yenyewe ya kwamba kuna mtu aliye juu anayewafanyia wengine hisani kwa kuongea nao, na neno likaharibika pamoja na fikra hiyo. Kamusi ilikuwa imenipa maana, lakini haikunipa umri wa neno, wala harufu yake, wala jina la mtu anayeweza kuambiwa hivyo asikasirike.

Nimelisimulia hilo kwa sababu naona daftari nyingi za wanafunzi, na karibu zote zimepangwa kwa namna moja: mstari wa kati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, neno moja kwa neno moja. Mwenye daftari hilo anaweza kuwa na maneno elfu moja aliyoyakariri na asiwe na hata moja analoweza kulitia katika insha bila kubahatisha. Hoja yangu ya leo ni kwamba msamiati wa juu haupimwi kwa ugumu wa maneno. Unapimwa kwa namna mtu anavyolijua neno pamoja na jamaa zake: ndugu waliozaliwa nalo, majirani wanaoandamana nalo, na watu ambao haliketi nao meza moja. Ninyi mnaozungumza Kiswahili ujuzi huo mnao tayari, ingawa hakuna aliyewaambia.

Kwanza tuangalie ukubwa wa kazi, maana wengine wanaiogopa bure na wengine wanaidharau. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyekuwa amefundisha kwa miaka mingi Bengal, alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 ambayo mwanafunzi wa Kiingereza ayahitaji kwanza. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alitoa orodha nyingine ya familia 570 za maneno ambayo hujitokeza tena na tena katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani, kuanzia sheria hadi sayansi. Nasema familia kwa kuwa "decide", "decision", "decisive" na "indecisive" huhesabiwa kuwa nyumba moja. Ukizitazama hizo familia 570 hutakuta maneno ya kutisha. Utakuta "assume", "derive", "evidence", "significant", "whereas". Ni maneno ya kazi, na ndiyo yanayomwangusha mwanafunzi katika mtihani, kwa sababu swali la baiolojia linapoanza na "Assuming that" yeye anajua kila kitu kuhusu figo isipokuwa kitu anachoulizwa.

Baada ya hapo mlima unainuka. Paul Nation, naye wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji kati ya familia 8,000 na 9,000, ili asilimia 98 ya maneno ya kila ukurasa awe anayajua. Asilimia 98 inasikika kama anasa, lakini hebu tuhesabu. Ukurasa wa maneno 300 utakuachia maneno sita usiyoyajua, na hayo unaweza kuyakisia kwa kutazama yaliyo kandokando yake. Ukijua asilimia 90 tu, ukurasa huohuo una mashimo thelathini, na hapo huwezi kukisia kitu, kwa kuwa hata neno unalolitegemea likusaidie nalo ni shimo. Wengi wanaolalamika kwamba kusoma Kiingereza kunawachosha si wavivu. Wanasoma vitabu vyenye mashimo mengi mno. Kwa hiyo ushauri wangu unaoweza kuwakera baadhi ya walimu ni huu: someni vitabu vyepesi kuliko hadhi yenu, na msome vingi, kabla ya kung'ang'ania vile vinavyowapa sifa mkionekana mmevishika.

Sasa nirudi kwenye ule ujuzi niliosema mnao. Mtoto wa Kiswahili akilijua neno "pika" hahitaji kufundishwa "mpishi", "mapishi", "upishi" wala "pikika". Anayasikia yakitoka katika chungu kimoja. Hata katika maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu tunasikia udugu huo bila kwenda darasani: hakimu anakaa mahakamani, anatoa hukumu, na tunamwombea awe na hekima. Herufi za h, k na m zinapita katika maneno yote manne kama damu ya ukoo. Kiingereza kina mizizi ya namna hiyo, mingi ikiwa ya Kilatini, na anayeizoea anajifunza maneno kumi kwa jasho la maneno mawili.

Tuchukue mzizi mmoja tuutazame kwa karibu. Kilatini kilikuwa na kitenzi "tenere", maana yake kushika. Katika Kiingereza kitenzi hicho kimevaa sura ya "tain" mwishoni mwa neno. "Contain" ni kushika vitu pamoja, yaani kuwa navyo ndani. "Retain" ni kushika usiachie. "Detain" ni kumshika mtu asiende zake, na kwa polisi ni kumweka kizuizini. "Abstain" ni kujishika mbali na kitu, kama mjumbe anayekataa kupiga kura upande wowote. "Maintain" asili yake ni kushika kwa mkono, ndiyo maana leo ni kutunza gari na pia kushikilia hoja. "Sustain" ni kushika kutoka chini, kama nguzo inavyoshika dari. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa kuwa linawatesa wafasiri. Majeruhi wa ajali husemwa kwamba "sustained injuries", nasi tunasema alipata majeraha. Chakula "sustains life", nasi tunasema kinahifadhi uhai. Jaji akiambiwa kuna pingamizi akajibu "sustained", sisi tunaandika kwamba pingamizi limekubaliwa. Kamusi ya neno kwa neno ingekupa "kuendeleza", na ukimwandikia mtu kwamba aliendeleza majeraha utakuwa umemshitaki. Lakini ukiwa na picha ya nguzo inayobeba uzito, matumizi yote matatu yanaeleweka: mwili umebeba jeraha, chakula kimebeba uhai, jaji amelibeba pingamizi badala ya kuliangusha.

Hapa kuna tahadhari ndogo. "Attain", kufikia lengo, linafanana na hayo yote na si ndugu yao hata kidogo. Limetoka katika kitenzi kingine cha Kilatini chenye maana ya kugusa, kilichozaa pia "contact" na "tangible". Kiswahili nacho kina watu wanaofanana bila kuwa na undugu. Safari na sifuri zinaonekana kama mtu na dada yake, kumbe katika Kiarabu s ya moja si s ya nyingine na mizizi ni miwili tofauti. Ndugu wa kweli wa sifuri wako Ulaya: "zero" na "cipher" za Kiingereza zote mbili zimetokana na neno hilohilo la Kiarabu.

Jambo la pili ni tabaka, na hili limenisaidia kuliko kanuni yoyote ya sarufi. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, aliivamia Uingereza na kuiteka, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa huku wakulima wakibaki na lugha yao. Hata sheria ya kutaka mashauri ya mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza ilikuja mwaka 1362 tu, na maneno ya mahakama hayakurudi yalikotoka: "judge", "jury", "prison", "crime", "verdict" yote ni ya Kifaransa hadi leo. Msiwacheke. Tazameni mahakama zetu wenyewe: hakimu, wakili, shahidi, sheria, tungebaki na nini tungeyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu? Baadaye wasomi wa Kiingereza wakaongeza Kilatini juu ya vyote hivyo, na ndiyo sababu lugha ile mara nyingi ina maneno matatu pale ambapo ungetegemea moja. Rafiki unam-"ask", shahidi una-"question", na mtuhumiwa polisi wana-"interrogate". Nasi tuna kuuliza, kuhoji na kusaili, na hakuna hata mmoja wenu ambaye angesema amemsaili mama yake kama ugali umeiva.

Mnaona basi kwamba neno la juu si bora kuliko la chini; lina mahali pake. Katika msiba hakuna mwenye adabu anayewaambia wafiwa kwamba mzee amekufa. Tunasema amefariki, au ametutoka. Lakini kuku tunasema amekufa, na anayetangaza kwamba kuku wake amefariki anatafuta kuchekwa. Wanafunzi wanaopenda kumwaga ung'eng'e wanasahau hilo katika Kiingereza, wakaandika kwamba mvulana "commenced to masticate his bread" pale ambapo alianza tu kula mkate. Mtu akisikia hivyo hasemi huyu ana msamiati; anasikia kuku aliyefariki.

Jambo la tatu ni majirani wa neno. Sisi tunapiga kura, tunapiga pasi, tunapiga deki na kupiga mbizi, wala hakuna anayepigwa. Tunakula kiapo, tunakula njama, na wasio waaminifu wanakula rushwa, bila mtu kushiba. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "nilifanya kura" tutamwelewa, ila tutajua hajakaa nasi. Kiingereza nacho kina ndoa zake. Kura huwa "cast", kiapo huwa "taken", uhalifu huwa "committed", hitimisho huwa "reached" au "drawn". Mvua ni "heavy" na upepo ni "strong". Ukizibadilishia sifa hakuna kanuni ya sarufi uliyovunja, ila sikio la mwenyeji litashtuka. Ndiyo maana nawasihi msiandike kamwe neno peke yake katika daftari. Liandikeni pamoja na jirani yake wa kushoto na wa kulia, kama mlivyolikuta.

Sitakaa sana kwenye mtego wa maneno tuliyoazima, kwa kuwa mnaujua, lakini tutaje machache. Mgonjwa wetu ana presha, na akienda kwa daktari wa London akasema "I have pressure" huenda akaulizwa kama kazi imemzidi. Tumekula chapati hotelini, na Mwingereza akisikia "hotel" anatafuta vyumba vya kulala. Kinyume chake pia hutokea: "safari" imesafiri kutoka kwetu ikaingia Kiingereza katika karne ya 19, na huko imebaki na wanyama. Niliwahi kumwandikia mteja wa ng'ambo barua pepe kwamba nitachelewesha kazi kwa kuwa nina "safari" ya Morogoro. Nilikuwa naenda mazishini. Akanijibu kwa furaha akinitakia nione simba.

Mtaniuliza sasa: haya yote tutayakumbukaje? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha kupima alichobaki nacho baada ya dakika, saa na siku. Aliona kwamba usahaulifu huenda kwa kasi kubwa mwanzoni, hasa siku ile ya kwanza, kisha hupungua mwendo. Mkulima angemwelewa mara moja: mche uliooteshwa leo unataka maji leo na kesho, na ukishashika mizizi unaweza kukaa wiki. Kukesha na orodha ya maneno mia usiku wa kuamkia mtihani ni kumwaga pipa zima juu ya mche mmoja.

Mimi natumia kadi. Nakata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, navifunga kwa mpira, na sanduku la viatu nimeligawa vyumba vitano kwa vipande vya boksi, kufuata mbinu ambayo mwandishi Sebastian Leitner aliieneza katika miaka ya 1970. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na husomwa kila siku. Nikiipatia husogea chumba cha pili, ambacho nakifungua kila baada ya siku tatu, na kuendelea hivyo. Nikiikosa hurudi mwanzo bila huruma, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tano. Maneno matano kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, ni familia 1,500, na ninyi mna karibu miaka miwili hadi mtihani wa kidato cha sita.

Niwaonyeshe kadi moja. Upande wa mbele nimeandika sentensi niliyoikuta gazetini, neno lenyewe nikaliachia pengo: "The farmers were ______ to sell before the rains." Upande wa nyuma kuna "reluctant", na chini yake ndugu zake wawili, "reluctance" na "reluctantly". Kisha kuna jirani yake, kwamba hufuatwa na "to" na kitenzi. Kisha mpinzani wake, "willing". Mwishoni kuna Kiswahili, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kamusi ilinipa "-siotaka", ambayo haitoshi, kwa kuwa asiyetaka kabisa hukataa, na mtu aliye "reluctant" mara nyingi hatimaye hufanya. Siku tatu baadaye, nikiwa katika daladala, nilimsikia mama mmoja akisema mwanawe amekubali kwenda shule ya bweni shingo upande. Nikaitoa kadi mfukoni nikaandika palepale. Sijaikosa kadi hiyo tena, na naamini sababu ni kwamba neno la Kiingereza lilipata mwenyeji wake halisi katika Kiswahili, badala ya tafsiri ya dharura.

Kwa hiyo atakayewaambia kwamba ili mpate Kiingereza cha juu mkiweke Kiswahili kando, mwulizeni yeye "reluctant" alilijuaje. Wafasiri wabaya niliokutana nao walikuwa na Kiingereza kingi. Kilichowapungukia ni Kiswahili cha kukipokelea. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza mnaihitaji, tena ile iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, inayoeleza neno gumu kwa maneno mepesi na kutoa sentensi ya mfano. Sentensi hiyo ya mfano isomeni kabla ya maana yenyewe. Nami ningeisoma siku ile ya risala, nisingemtukana mgeni.

Maneno yangu yamefikia hapo, na kazi yenu inaanza. Walimu wanawagawia kila mmoja vipande vitano vya manila na mpira wa kufungia. Ukutani, pale karibu na mlango, nimebandika aya moja ya Kiingereza kutoka katika tahariri ya gazeti, na nimepigia mstari maneno manane. Kila mmoja achague moja tu, hasa lile analodhani analijua. Aandike mbele sentensi yake yenye pengo, nyuma ndugu zake, majirani zake na mpinzani wake, na mahali pa Kiswahili apaache wazi kwanza, amtafute mwenzake wabishane hadi wapate neno ambalo bibi zao wangelielewa. Kamusi ziko mezani kwangu pamoja na sanduku langu la viatu. Kadi ya "condescend" iko chumba cha tano, anayetaka kuiona aje. Tuna nusu saa kabla ya chai.